Maswali ya Wasomaji: Presha ya Mama, Umri wa Baba na Safari ya Kwenda Kutibiwa

Barua tano ninazozijibu katika toleo hili zote zinahusu wazee na matibabu yao. Tatu zimeandikwa na watoto kuhusu wazazi wao. Mbili tu zimetoka kwa wazee wenyewe, na mmoja wao alimwagiza mjukuu ashike kalamu. Hivyo ndivyo nilivyoona wodini katika miaka yangu yote ya unesi: mzee ameketi kitandani, daktari anamwuliza mtoto dalili, mtoto anajibu, na mzee anatazama mikono yake. Kwa hiyo nawaomba walioniandikia kwa niaba ya wazazi wayasome majibu haya kwa sauti mbele ya wazazi hao, kisha wawaache waseme wanayokubali na wanayoyakataa.

*Shikamoo Sista. Mama yangu ana miaka 74 na anaishi kijijini, nje ya mji wa Busia. Mwaka juzi alipimwa, akaambiwa ana presha ya juu. Dawa hanywi kila siku. Hunywa kichwa kinapouma tu, na zinazobaki huzifunga kwenye kitambaa. Mara nyingine akienda kituo cha afya huambiwa dawa zimekwisha, naye husema hataki kuniingiza katika gharama. Nifanye nini? — Mwana wa pekee, Busia*

Marahaba, mwanangu. Kwanza nakuomba usimgombeze. Mama yako anazitendea dawa kama alivyoyatendea mahindi ghalani maisha yake yote: anatoa kidogo kidogo kwa sababu hajui mavuno yajayo yatakuwaje. Kituo kikishamwambia mara mbili tatu kwamba dawa hakuna, kuweka akiba ni busara ya mtu aliyezoea uhaba. Kosa ni kwamba dawa ya presha haiwezi kutunzwa namna hiyo, na huenda hakuna aliyewahi kumweleza sababu.

Mweleze hivi. Maumivu ya kichwa si kipimo cha presha. Watu wengi wenye presha ya 180 hawasikii chochote. Wanalima, wanapika, wanakwenda kanisani au msikitini, mpaka siku mkono mmoja unapolegea na mdomo unapopinda. Kidonge cha leo kinafanya kazi ya leo, na baada ya siku chache bila dawa presha hurudi ilikokuwa. Kwa hiyo anayekunywa siku za maumivu tu hajitibu, ingawa kitambaani ana dawa. Nimewahi kumpokea mama mmoja aliyepata kiharusi, na binti yake akanionyesha mfuko wa vidonge uliokuwa karibu umejaa. Sijausahau mfuko ule.

Sasa kuhusu dawa kukosekana. Hapa kwetu Uganda vituo vya afya vya serikali hupelekewa dawa na Bohari ya Taifa ya Dawa, kwa mzunguko wa takribani miezi miwili, na dawa za presha na kisukari mara nyingi huisha kabla mzunguko haujafika mwisho. Kwa hiyo umwulize mhudumu mambo mawili: mzigo hufika lini kwa kawaida, na kliniki ya presha hufanyika siku gani ya juma. Mama akienda asubuhi ya siku ya kliniki, muda mfupi baada ya mzigo kufika, uwezekano wa kupata dawa ni mkubwa zaidi, na anaweza kuomba apewe za zaidi ya mwezi mmoja iwapo presha yake imetulia. Dawa ikikosekana hapo, muulize kuhusu Kituo cha Afya cha daraja la IV, ambacho kwa mpangilio wa nchi yetu kinapaswa kuwa na daktari na chumba cha upasuaji, wakati kile cha daraja la III huongozwa na tabibu, ambaye si daktari kamili. Kumbuka pia kwamba ada katika vituo vya serikali ziliondolewa mwezi wa Machi 2001, isipokuwa katika wodi za kulipia za hospitali. Dawa zenye maandishi yanayosema ni mali ya Serikali ya Uganda na si za kuuzwa, mama hatakiwi kuzilipia hata shilingi.

Litakapobaki pengo, lijaze wewe. Pata jina kamili la dawa yake, kwa mfano amlodipini, pamoja na nguvu ya kidonge, uliandike mahali, ili uweze kununua ile ile katika famasi bila kubahatisha. Usimwambie mama kwamba unajitolea, kwa maana hilo ndilo analolikimbia. Mwambie ukweli wa hesabu: kuuguza kiharusi, pamoja na mtu wa kumgeuza kitandani usiku na mchana, kutakugharimu mara nyingi zaidi ya vidonge vya mwaka mzima.

Kuna jambo moja ambalo hukuniuliza, nami naliona kuwa kubwa kuliko yote. Chunguza anakunywa nini kwa ajili ya magoti na mgongo. Wazee wetu wengi hununua diklofenaki au ibuprofeni katika duka la dawa, kidonge kimoja kimoja, miezi na miaka. Dawa hizo hupandisha presha, huumiza figo na huweza kutoboa tumbo, na hatari huongezeka kadiri umri unavyosonga. Mhudumu anayempima mama hatalijua hilo asipoambiwa. Chukua daftari la matibabu, lile la shule tunalolinunua langoni, uandike humo kila kitu anachomeza, dawa za miti zikiwamo, kisha ulifunike kwa plastiki na daftari lile lile liende naye kila mara. Daftari jipya kila safari ni mgonjwa mpya kila safari. Presha ya mwezi uliopita haionekani popote.

Mwisho, mama akisikia kizunguzungu anapoinuka kitandani, asiache dawa kimya kimya. Aketi kwanza ukingoni, ahesabu pumzi kumi, ndipo asimame, na amwambie mhudumu katika safari inayofuata ili kipimo cha dawa kitazamwe upya.

*Sista, baba yangu ni mzee kabisa lakini hapati fedha za SAGE. Jirani yake waliyetahiriwa pamoja mwaka 1962 anapata. Kitambulisho cha baba kinasema alizaliwa mwaka 1951. Yeye mwenyewe hajui tarehe. Je, tumlaumu nani, na tuanzie wapi? — Mtoto wa Elgon, karibu na Mbale*

Ndugu yangu, kulaumu tuliweke kando, kwa sababu unao ushahidi mzuri kuliko unavyofikiri.

Kwanza nieleze mpango wenyewe kwa wasioufahamu. Ruzuku ya wazee, ambayo watu wote huiita SAGE, iko chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Ilianza kwa majaribio mwaka 2010 katika wilaya 15, ambako waliandikishwa wazee wa miaka 65 na zaidi, na Karamoja wa miaka 60. Ilipoenezwa nchi nzima katika mwaka wa fedha 2020/21, umri uliowekwa kwa wanaoingia upya ulikuwa miaka 80. Kiasi chake ni shilingi 25,000 kwa mwezi, na hulipwa kwa mkupuo wa miezi kadhaa. Ni fedha kidogo. Lakini nimewaona wazee wakilipia bodaboda ya kwenda kliniki kwa fedha hizo bila kumwomba mtu, na heshima iliyokuwa machoni mwao haikuwa ndogo.

Majina ya wanaostahili hutokana na kumbukumbu za NIRA, mamlaka ya usajili na vitambulisho vya taifa. Hapo ndipo baba yako alipokwama. Katika usajili mkubwa wa mwaka 2014 wazee wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, na aliyekuwa akijaza fomu alikadiria mwaka kwa kumtazama mtu usoni. Mzee mwenye meno yote na mgongo ulionyooka alipunguziwa miaka pale pale. Mashirika ya haki za binadamu yalieleza mwaka 2021 jinsi makosa kama hayo, pamoja na kukosa kitambulisho kabisa, yalivyowanyima wazee ruzuku, na wengine matibabu.

Sasa tazama ushahidi wako. Kwa Wabagisu, imbalu, yaani tohara ya vijana, hufanyika miaka inayogawanyika kwa mbili, na kila mwaka una kundi lake linalokumbukwa kwa jina. Kama baba yako alizaliwa mwaka 1951, basi alisimama mbele ya mtahiri mwaka wa uhuru akiwa na miaka kumi na mmoja, na hakuna mzee wa Bugisu atakayeamini kwamba mtoto wa umri huo aliruhusiwa kusimama enzi zile. Watafute wenzake wa kundi lile walio hai, watatu au wanne, waseme mbele ya mwenyekiti wa LC I, yaani baraza la kijiji, naye aandike barua. Kisha tafuta karatasi: kadi ya ubatizo, ambayo parokia za zamani huhifadhi nakala zake katika madaftari yao, tiketi za kodi ya kichwa, ile iliyofutwa mwaka 2005, kwa maana mzee mwenye tiketi ya miaka ya sitini alikwisha kuwa mtu mzima wakati huo, au cheti chochote cha kazi. Kwa wasomaji wasio wa Bugisu, yapo matukio mengine ya kupimia. Huko Buganda mimi huwauliza wazee walikuwa wakifanya nini Kabaka Mutesa alipopelekwa uhamishoni mwaka 1953, na aliporudi mwaka 1955. Mmoja aliniambia alikuwa akichunga mbuzi wakati wa kuondoka na akisoma darasa la kwanza wakati wa kurudi, nami nikapata mwaka wake kwa kosa lisilozidi miwili.

Pelekeni hayo yote katika ofisi ya NIRA ya wilaya kuomba marekebisho ya tarehe, pamoja na kiapo cha maandishi. Kisha nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa gombolola umweleze kwamba marekebisho yako njiani, na umtafute mwakilishi wa baraza la wazee, kwa kuwa mabaraza hayo yaliundwa kwa sheria ya mwaka 2013 na kazi yao ni kuwasemea watu kama baba yako. Mtu akidai fedha ili jina liingizwe katika orodha ya ruzuku, usimpe, kuandikishwa hakulipiwi. Nawe usikubali ushauri wa kuongeza miaka ambayo baba hana. Tarehe ile itamfuata benki, kwenye simu na kwenye hati ya shamba.

Siku ruzuku itakapopatikana na mzee akashindwa kufika mahali pa malipo, mpango unaruhusu kuwepo mtu mwingine aliyeandikishwa kumpokelea. Mchagueni huyo kwa makini, na baba ndiye amtaje.

*Mimi ni mzee wa miaka 70, naishi Malaba. Macho yangu yamefunikwa na ukungu, nyuso sizitambui. Watoto wanasema ni uzee. Mjukuu wangu anaandika maneno haya. Je, ni uzee? — Babu wa Malaba*

Shikamoo, babu, na umshukuru mjukuu kwa mwandiko mzuri.

Ukungu unaoongezeka polepole, bila maumivu, mara nyingi ni mtoto wa jicho: lenzi iliyo ndani ya jicho imepoteza uangavu wake. Umri huchangia, lakini kuchangia kwa umri hakumaanishi kwamba hakuna tiba. Lenzi iliyochafuka hutolewa na ya bandia huwekwa mahali pake, kwa kawaida jicho likiwa limetiwa ganzi na wewe mwenyewe ukiwa macho, na watu wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Hauko mbali na Tororo, ambako iko hospitali ya macho ya Wabenedikto. Hospitali za rufaa za mikoa nazo zina idara za macho.

Usichelewe, kwa sababu mbili. Upo ugonjwa mwingine, presha ya macho, ambao nao huja kimya, na kilichopotea kwa ugonjwa huo hakirudi. Ni kupimwa tu kutakakoonyesha ni upi kati ya hiyo miwili. Na mzee asiyeona vizuri huanguka. Nyonga iliyovunjika katika umri wetu ni msiba mkubwa kuliko jicho. Ukienda, omba upimwe sukari pia, kwa kuwa sukari iliyopanda huharibu macho na huchelewesha kidonda kupona.

*Sista, baba ana saratani ya tezi dume. Hospitali ilituambia tumrudishe nyumbani, hakuna la kufanya tena. Sasa usiku kucha anaumia mifupa. Muuguzi mmoja alitaja mofini, lakini shangazi anasema hiyo ni dawa ya kumwua mtu au kumfanya mlevi. Tuko Masindi. — Binti aliyechoka*

Binti yangu, nimeisoma barua yako mara tatu, na nasikitika kwamba mtu aliyevaa sare niliyoivaa mimi aliwaambia maneno hayo. Kuondoa saratani kunaweza kuwa kumepita wakati wake. Kuondoa maumivu hakujapita, na hilo si jambo dogo la kufanyiwa mtu.

Nchi yetu ina historia nzuri katika jambo hili, nami najivunia kuisimulia. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, yenye makao yake Makindye, Kampala, akitumia mofini ya maji, ambayo huchanganywa humu humu nchini na hunywewa kama dawa ya kikohozi. Mwaka 2004 sheria ililegezwa ili wauguzi na matabibu waliosomea kazi hiyo waruhusiwe kuiandika, kwa sababu madaktari ni wachache na maumivu yako vijijini. Mgonjwa hailipii. Hospisi hiyo ina matawi Mbarara na Hoima, na Hoima ndiyo iliyo karibu nanyi. Anzeni kwa kuuliza katika hospitali yenu ya wilaya kama kuna muuguzi wa tiba shufaa, yaani anayeshughulikia maumivu na faraja. Asipokuwapo, ombeni barua ya rufaa ya Hoima na ulizeni kuhusu kutembelewa nyumbani.

Shangazi ana haki ya kuogopa, basi mjibuni kwa heshima. Mofini inayotolewa kwa kipimo, kila baada ya saa zilizoandikwa, kwa mtu mwenye maumivu makali, haimgeuzi mlevi, wala haimharakishi kufa; nimewaona waliorudi kula na kuzungumza na wajukuu kwa sababu hatimaye walilala usiku. Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia, na hapo shangazi atasema aliyatabiri. Msubiri. Isitolewe tu wakati anapolia, bali kwa saa zake, ili maumivu yasipate nafasi ya kurudi. Mofini hufunga choo karibu kila mara, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku ile ile. Chupa ifungiwe mbali na watoto. Na miguu ikilegea ghafla au akishindwa kukojoa, usingoje asubuhi: saratani ya tezi dume hupenda mifupa ya mgongo na huweza kubana uti, na kila saa ina maana.

Ulisaini barua yako kwa jina la aliyechoka. Je, kaka zako wako wapi usiku? Kuuguza si kazi ya binti peke yake. Iteni ukoo, baba akiwapo, mgawane usiku wa juma kwa majina.

*Nina miaka 63, nalea wajukuu wanne hapa Koboko. Nimeanza dawa za virusi vya UKIMWI mwaka uliopita. Kliniki imejaa vijana, nami naona aibu kuketi nao. Pia kila nikienda nafunga genge langu siku nzima. — Bibi*

Shikamoo, bibi. Umeandika mistari michache, nami naona ndani yake mzigo wa nyumba nzima.

Aibu ile si yako. Virusi havimwulizi mtu umri, na wazee wengi huchelewa kupimwa kwa sababu hakuna anayefikiria kuwapima. Wewe umepimwa, umeanza dawa, na wajukuu wanne wana mtu wa kuwalea. Dawa hizi hutolewa bure, na huna haja ya kufunga genge kila mwezi. Mgonjwa ambaye hali yake imetulia na virusi vimeshuka anaweza kupewa dawa za miezi mitatu au zaidi kwa mara moja. Upo pia utaratibu wa vikundi, ambapo wagonjwa wachache wa eneo moja hupokezana: mmoja huenda kliniki na kuwachukulia wenzake dawa, na zamu inayofuata huenda mwingine. Mwulize mshauri wa kliniki kama kipo kikundi chenye akina mama wa umri wako, na kama hakipo, mwombe akuunganishe nao mkianzishe.

Siku ya zamu yako, mwambie akupime presha na sukari hapo hapo, kabla hujarudi gengeni.